Mdogo Wangu, Namba Hiyo Umeitoa Wapi?

Wadogo zangu, wengi mmezoea kunikuta hapa tukizungumza habari za wachumba, wakwe na fedha za nyumbani. Leo nitazungumzia kazi inayonilisha, kwa sababu mmoja wenu ameiulizia, na nimekaa na barua yake siku nne nikitafuta jibu lisilomdanganya.

Anaandika hivi: "Dada, shikamoo. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya kwanza ya fizikia, na sasa ninajitolea kufundisha sekondari. Nataka kusoma uzamili wa fizikia tiba. Baba anasema fizikia mwisho wake ni ualimu. Mama anaogopa mionzi itanizuia kuzaa. Rafiki yangu anasema niombe chuo chochote kitakachonikubali, maana cheti ni cheti. Niende?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu ni ndiyo, nenda. Baba yako nitamjibu, na mama nitamjibu. Ila rafiki yako ndiye aliyenifanya nikose usingizi. Katika fani hii cheti si cheti, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Daktari bingwa wa saratani akishaona kwamba mgonjwa anahitaji tiba ya mionzi, anachora kwenye picha za ndani ya mwili mahali uvimbe ulipo, na anaandika dozi anayoitaka. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi kwetu Tanzania, anaweza kuandika grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zigawanywe mara 25, grei 2 kila siku. Kuanzia hapo swali linahamia kwa mfizikia tiba: mionzi ipite upande gani, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, ili uvimbe upate dozi yake yote na kibofu na utumbo vipate kidogo iwezekanavyo. Yeye pia ndiye anayethibitisha kwamba mashine ikiambiwa itoe grei 2 inatoa grei 2 kweli. Anapima asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, na vipimo vizito anavifanya jioni au mwisho wa wiki, wagonjwa wakishaondoka. Hata unene wa kuta za zege za chumba cha mashine, unaoweza kuzidi mita 2, unatoka kwenye hesabu zake.

Kama hospitali ina mashine ya Kobalti 60, kuna jambo jingine. Kobalti, ambayo ndiyo chanzo cha mionzi ya mashine hiyo, hupungua nguvu yenyewe, takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka mitano na ushei inabaki nusu. Mgonjwa aliyehitaji dakika 2 chanzo kikiwa kipya atahitaji karibu dakika 4 kikizeeka. Lazima awepo mtu anayefuatilia hesabu hiyo mwezi hadi mwezi. Mgonjwa hatamjua. Mama mmoja aliyetoka mbali kuja kutibiwa aliniuliza kama mimi ndiye fundi. Nikamjibu ndiyo mama, mimi ndiye fundi wa vipimo. Akanishika mkono akasema, basi pima vizuri.

Sasa nikusimulie jambo lililotokea San José, Costa Rica, mwaka 1996. Hospitali moja ya mji huo iliweka chanzo kipya cha Kobalti. Katika kupima nguvu yake, saa ya mashine ilionyesha 0.30, maana yake sehemu tatu za kumi za dakika, yaani sekunde 18. Ilisomwa kana kwamba ni sekunde 30. Kwa kosa hilo chanzo kikahesabiwa kuwa dhaifu kuliko kilivyo, na kila mgonjwa akaachwa kwenye mionzi muda mrefu mno. Wagonjwa 115 walipata dozi iliyozidi ile iliyokusudiwa kwa zaidi ya nusu. Baadhi yao walifariki kwa sababu ya dozi hiyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilituma wataalamu wakachunguza, na taarifa yao husomwa na wanafunzi wa fani hii mpaka leo.

Tazama kosa lenyewe lilivyo, mdogo wangu. Halikuwa la fizikia ngumu. Mwanafunzi wa darasa la saba anajua kwamba dakika ina sekunde 60. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuuliza: namba hii umeitoa wapi? Swali hilo ndilo kazi yangu nzima, na mimi nilijifunza kuliuliza kwa aibu.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu ya uzamili, alama nzuri, tasnifu imesifiwa. Nilikuwa nimesoma kwenye mji wa pwani, miaka yote vitabuni na kwenye maabara ya chuo, na hospitali nilikwenda kutembea tu. Kazi ya kwanza niliipata kwenye mji wa nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Nikaagizwa kupima mashine. Chombo tunachopimia kina kijichumba kidogo chenye hewa, na kwa kuwa hewa hiyo hupanuka na kusinyaa, lazima urekebishe jibu kwa joto na kwa mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo. Kanuni yake niliijua kwa moyo. Kipimo cha mgandamizo kilichokuwa ukutani kilikuwa kimeharibika. Nikafungua simu, nikatazama hali ya hewa ya mji ule, nikachukua mgandamizo niliouona pale, nikaingiza.

Mashine ikaonekana imepungukiwa nguvu kwa asilimia 17. Nilikuwa tayari kuandika kwamba irekebishwe iongezwe. Mkubwa wangu wa kazi, mzee mpole sana, alisimama nyuma yangu akauliza swali lile: "Mwanangu, mgandamizo huu umeutoa wapi?" Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akanieleza kwamba namba zinazotangazwa za hali ya hewa huwa zimeshageuzwa ziwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili mtabiri aweze kulinganisha Mwanza na Mombasa. Pwani, ukiitumia, huoni tofauti. Huku juu, hewa halisi ni nyepesi mno kuliko namba ile. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Kama ningeiongeza, kila mgonjwa wa kesho yake angepata dozi iliyozidi kwa karibu moja ya tano.

Hakuna aliyeumia, kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma yangu. Lakini nilikwenda nyumbani nikalia. Nilikuwa na shahada, na sikuwa na ujuzi mikononi. Chuo kilinipa kanuni. Namba inatoka wapi, hilo nilifundishwa hospitalini na mtu aliyekuwa amekosea kabla yangu.

Ndiyo maana sitaki uombe popote. Kwa miongozo ya IAEA, mfizikia tiba aliyekamilika ana mambo matatu: shahada ya kwanza ya fizikia, uhandisi au fani iliyo karibu nazo, masomo ya uzamili ya fizikia tiba, na kisha mafunzo ya vitendo hospitalini, chini ya wafizikia wenye uzoefu, yasiyopungua miaka miwili kwa mtu wa tiba ya mionzi. Wengi wetu tunayaona mawili ya kwanza tukadhani safari imekwisha. Hilo la tatu ndilo linalokufanya uaminiwe na mwili wa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitasoma wapi", uliza "nani atasimama nyuma yangu siku ya kipimo changu cha kwanza". Ukiandikia chuo, uliza maswali haya bila haya. Wanafunzi wanakwenda hospitali gani, siku ngapi kwa wiki, kwa miezi mingapi? Hospitali hiyo ina mashine gani zinazofanya kazi sasa hivi? Ina wafizikia wangapi walio tayari kufundisha? Nitapima mimi mwenyewe au nitatazama? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Chuo kizuri kitakujibu kwa furaha. Kikikuzungusha, hilo nalo ni jibu.

Nikupe mifano. Trieste, Italia, kiko kituo cha fizikia cha ICTP, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Tangu mwaka 2014 kituo hicho na Chuo Kikuu cha Trieste vinatoa shahada ya uzamili ya fizikia tiba ya miaka miwili: mwaka wa kwanza darasani, mwaka wa pili ndani ya hospitali za Italia. Imeundwa kwa kuwalenga vijana wa nchi zinazoendelea. Ushindani ni mkubwa, lakini ule mpangilio wake ndio ninaotaka uuelewe, kwa sababu hospitali imo ndani ya shahada yenyewe. Hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Ghana kimefundisha fani hii kwa miaka mingi kwenye shule yake ya sayansi za nyuklia iliyoko Accra. Afrika Kusini, mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka miwili ndipo anasajiliwa. Nanyi wadogo zangu mlioko Marekani na Kanada, hakikisheni chuo kimeidhinishwa na CAMPEP, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya fizikia tiba huko. Kwa Marekani, tangu mwaka 2014 huwezi kuikamilisha mitihani ya bodi ya taifa bila mafunzo ya hospitali yaliyoidhinishwa na chombo hicho hicho. Msome, mwulize, ndipo mlipe ada.

Ukiamua kusoma nyumbani, Tanzania, Kenya au Uganda, mimi sina neno, alimradi maswali yale yamejibiwa. Mtu aliyefundishwa vizuri karibu na kwao anajua mambo ambayo Ulaya hayafundishwi: umeme ukikatika katikati ya tiba ufanye nini, kipuri kikichelewa miezi miwili uwapange vipi wagonjwa, mama wa kijijini umweleze vipi kwamba mashine haitamchoma.

Na baba yako sasa. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba fizikia ina mlango mwingine. Taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam ina mashine za LINAC, zile zinazotoa mionzi kwa umeme, tangu mwaka 2018. Hospitali ya Bugando inatibu watu wa Kanda ya Ziwa. Kigali wana kituo chao cha saratani chenye LINAC. Nairobi na Kampala nao wanatibu kwa mionzi. Kila mashine inayofika inahitaji wafizikia kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja. Mweleze pia kilichotokea Uganda: mwaka 2016 mashine pekee ya Kobalti ya nchi nzima iliharibika isitengenezeke, na hadi nyingine ilipozinduliwa mwaka 2018 waliohitaji mionzi iliwabidi waifuate nje ya nchi au waikose. Nchi zetu zimeliona hilo, na zinanunua mashine. Wataalamu hawanunuliwi dukani.

Lakini simfichi baba, wala wewe. Nafasi za serikali hutangazwa chache, wakati mwingine unasubiri. Wakati unasubiri, fahamu kwamba mfizikia tiba hafungwi kwenye saratani peke yake. Idara za eksirei na CT zinamhitaji, tiba ya nyuklia inamhitaji, na wadhibiti wa mionzi, kama Tume ya Nguvu za Atomiki kwetu Tanzania na mamlaka ya udhibiti ya Kenya, nao wanawahitaji watu wanaojua kupima.

Mama yako nampa jibu refu kidogo, kwa sababu hofu yake ni ya mapenzi. Mama, binti yako hatakaa chumbani na mgonjwa mionzi ikiwa inatoka. Mlango unafungwa, watu wote wanatoka, na mashine ya LINAC ikizimwa mionzi yake inakoma. Kobalti hairuhusu hilo, yenyewe inatoa mionzi usiku na mchana, ndiyo maana imefungiwa ndani ya risasi na vyuma vizito. Kila mfanyakazi anavaa beji inayorekodi mionzi aliyoipata. Kikomo cha kimataifa kwa wafanyakazi ni milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na akiwa mjamzito, akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni anawekewa kikomo cha milisivati 1 kwa muda uliobaki. Mimi nina watoto wawili, wote niliwabeba nikiwa kazini. Nilitoa taarifa mapema, nikapangiwa kazi nyingine kwa siku za vyanzo vya wazi, yaani vyanzo vya mionzi visivyofungiwa, nikaendelea.

Nakuambia pia, mama, sheria hizi zilinunuliwa kwa gharama. Mwanasayansi Marie Curie alishika radiamu kwa mikono mitupu kwa miaka, akafa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 7 Novemba, ndiyo siku ya fizikia tiba duniani. Na wewe mdogo wangu, IAEA ina ufadhili wenye jina lake, ulioanza mwaka 2020, kwa wanawake wanaosoma uzamili katika fani za nyuklia, na fizikia tiba imo. Unasaidia ada na matumizi ya kujikimu. Tafuta nafasi ya chuo kwanza, kisha omba mapema. Usingoje wiki ya mwisho ndipo uanze kumtafuta mhadhiri wa kukuandikia barua. Mwendee leo, mkumbushe somo alilokufundisha na kazi uliyofanya, ili aandike habari zako wewe na si za mwanafunzi yeyote.

Wakati unasubiri majibu, noa mambo matatu. La kwanza ni hesabu: kalkulasi, takwimu, na hasa makosa ya vipimo, ile sura ya maabara mliyokuwa mnaiandika haraka haraka ili mwende zenu. Katika fani hii sura hiyo ndiyo kitabu. La pili ni mwili wa binadamu. Tuliosoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, wengi wetu biolojia tuliiacha kidato cha nne, na daktari hatakungoja utafute kongosho liko wapi. La tatu ni kuandika programu za kompyuta, Python inatosha kuanzia, na intaneti ina masomo yake ya bure.

Kuna wengine hapa ninaowafahamu, nao nawapenda, kwa hiyo nawaambia wazi. Ulitaka udaktari, alama hazikutosha, sasa umeona neno "tiba" ukafurahi. Jiulize vizuri. Huku hutavaa kipimio cha moyo shingoni, hutamwandikia mtu dawa, na siku nyingi utakuwa na tangi la maji la kupimia mionzi, nyaya na jedwali la namba, saa tatu usiku, wenzako wameshakula. Mchumba wako ajue hilo mapema. Kama moyo wako unatulia pale namba mbili zilizopimwa kwa njia mbili zinapokubaliana, karibu, hapa ni kwenu. Kama unatafuta koti jeupe, utachoka mwaka wa kwanza, na mtu aliyechoka na vipimo ni hatari kwa mgonjwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, fanya hivi. Mwezi huu, kabla ya fomu yoyote, andika barua kwa hospitali yenye tiba ya mionzi iliyo karibu nawe, uombe kukaa na wafizikia wao kwa wiki moja. Nenda na daftari. Fika asubuhi wanapopima mashine, na usiondoke jioni mpaka wameondoka. Kila namba watakayoiandika, waulize kwa adabu wameitoa wapi. Wakikujibu na kukuonyesha, umeshaanza kusoma. Ukirudi nyumbani ukiwa bado unaitaka kazi hii, niandikie tena, nami nitaisoma barua yako ya maombi ya chuo neno kwa neno kabla hujaituma.

Na siku ukikabidhiwa mashine yako, mwombe mwenzako arudie kipimo chako, hata kama umekipima mara tatu. Huyo atakayelala kwenye kile kitanda ni mama wa mtu.